Muulizeni na mwezi wake

Haya ni maneno niliyosema juu ya maumivu ya mwezi, yaani hedhi, mbele ya wamama na wanafunzi wa uuguzi mu sale moja ya parokia ku Kadutu, hapa Bukavu. Wengi waliniomba niyaandike juu siku ile mvua ilinyesha sana kwenye mabati na wale wa nyuma hawakusikia vizuri. Nimeandika vile nilivyoongea, nimetoa tu fasi nilizorudilia mara mbili.

Jambo yenu wamama. Jambo yenu dada zangu wa masomo ya uuguzi, na ba papa mliokuja, nawahesabu mko watano, asanteni sana kufika, haya maneno ni yenu pia.

Kabla sijasema kitu naomba kila mama aliye hapa aweke mkono fasi inamuumaka akiwa kwenye mwezi. Msione haya, weka tu mkono. Haya. Sasa muangaliane. Muone mama mkubwa pale karibu na dirisha, mikono yake yote miwili iko nyuma kwenye kiuno. Huyu mdogo wangu ameshika chini ya kitovu. Mama wa kitenge ya manjano ameshika mapaja. Kuna mwenye anashika tumbo nzima, na kuna mmoja kule nyuma mkono wake unazunguka tu, hajui auweke wapi. Huyo wa mwisho asifikiri amekosa jibu, amejibu vizuri kupita sisi wote na nitawaelezea kwa nini.

Juu kizazi ni kitu kidogo. Kwa mwanamuke ambaye hana mimba kinakaribia ukubwa wa ngumi yake, kimekaa katikati ya kibofu na utumbo wa mwisho. Kitu kidogo vile, fasi moja, lakini mikono yenu imeenda fasi tano, sita. Hilo njo jambo lililonileta hapa.

Mi ni mwalimu wa fiziolojia, nafundisha wale watakuwa wauguzi na wazalishaji. Utafiti nitakaousema haukufanywa na mimi, umefanywa mbali, Marekani, Italia, Uingereza, Canada, nimekuwa naufuata miaka mingi na sababu ya kuufuata iko nyumbani kwetu, tutafika huko.

Tuanze na ngozi. Nikikuchoma na sindano kwenye kidole hiki, hata umefunga macho utaniambia ni kidole gani na upande gani. Ngozi iko na mishipa ya fahamu mingi sana, kila kipande kama kiwanja chenye mwenyewe na jina kwenye mlango. Ndani ya tumbo haiko vile. Mishipa inayobeba habari kutoka kwenye viungo vya ndani kwenda kwenye uti wa mgongo ni michache, haifiki hata sehemu 10 kwa 100 ya mishipa yote inayoleta habari pale, na ile michache inatawanyika, inaingia kwenye uti wa mgongo kwa ngazi nyingi, na ikifika inakutana na mishipa ya ngozi na ya misuli, zote zinazungumza na seli moja. Mnajua parcelle zetu hapa Kadutu, nyumba nane kwenye kontere moja ya umeme, waya moja inatoka kwa huyu inapita kwa yule. Kontere ikilia ukiwa barabarani huwezi kusema ni pasi ya mama gani. Ubongo uko vile vile. Unapata habari kwamba kwenye ule mstari kuna mtu analia, na juu miaka yote umezoea kupata habari za ngozi na mgongo kwa waya ile, unasema basi ni mgongo. Njo maana kizazi kinaumia na mama mkubwa anashika kiuno.

Na viungo vya ndani havijali vitu vile ngozi inavijali. Karne ya 17 kule Uingereza kulikuwa kijana mmoja mtoto wa mkubwa, aliumia utotoni na kifua chake kikabaki na tundu, ukiangalia unaona moyo unapiga. Mganga wa mfalme, William Harvey, yule aliyeonyesha vile damu inazunguka mwilini, alimpeleka kwa mfalme Charles wa kwanza, wakagusa ule moyo na kijana hakusikia kitu, alijua tu wameugusa wakati waligusa ngozi ya kando. Waganga wa upasuaji wanajua hilo mpaka leo, utumbo ukikatwa mgonjwa hasikii vile mnavyofikiri. Lakini uvute ule utumbo, uupanue kama puto, uukoseshe damu, uache uvimbe na uwake, hapo mtu mzima analia kama mtoto. Kizazi pia. Siku za mwezi kinajikaza kutoa kile kilichojitayarisha bure, kinajikaza mpaka damu inashindwa kupita ndani ya nyama yake mwenyewe, na kinachokiamrisha ni kitu kinaitwa prostaglandini, kinatengenezwa palepale. Wale wanaoumia sana, wengi wao wanazitengeneza nyingi kupita wengine. Kwa hiyo yule msichana anayejikunja kwenye benchi masomoni, misuli yake iko inakosa hewa, sawa na mguu ukifungwa kamba kwa nguvu. Sijui nani alikuja kutuambia huo ni ulegevu.

Mwaka wa 1893 mganga Henry Head alichora ramani ya mambo haya London, akionyesha kiungo hiki kikiugua ngozi ya fasi ile inauma, na mpaka leo wanafunzi wangu wanaisoma. Moyo unapeleka kwenye mkono wa kushoto na taya. Figo inapeleka kwenye kinena. Apendisi, wengi mumeiona kwa watoto, inaanza kuuma kwenye kitovu, mtoto hawezi kuonyesha na kidole, kiisha masaa yanapita inahamia chini upande wa kuume na hapo sasa anaonyesha na kidole kimoja. Ile saa ya kwanza ni kiungo kinasema, ile ya pili ni ngozi ya ndani ya ukuta wa tumbo, hiyo iko na mishipa ya kujua mahali.

Na hapa naomba kila mtu anisikilize, hata mnaoongea kule nyuma. Bega. Mwanamuke aliyekosa mwezi wake wiki kadhaa, tumbo linauma upande mmoja, kiisha anaanza kulalamika ncha ya bega, kizunguzungu, anatoka jasho, hiyo inaweza kuwa mimba imekaa inje ya kizazi na imepasuka. Damu inamwagika ndani, inagusa ule ukuta unaotenga tumbo na kifua, na ule ukuta mshipa wake wa fahamu unatoka shingoni, waya moja na bega. Bega halina kosa lolote. Usimpake mafuta, usimkande na maji ya moto, usingojee asubuhi. Mpeleke lopitali usiku ule ule, hata na kipoyi cha kubebea wagonjwa, hata na pikipiki, chochote kitakachokuwepo. Wamama wamekufa juu kila mtu alikuwa anaangalia bega.

Sasa nije kwa mwanamuke aliyefanya nikapenda kazi hii. Jina lake Karen Berkley, mtafiti wa ubongo na mishipa ya fahamu, alifanya kazi kwenye chuo kikuu cha Florida State kule Tallahassee. Alichagua kuchunguza maumivu ya ndani ya wanawake wakati ambapo watafiti wengi wa maumivu walikuwa wanachoma miguu ya panya dume na kuhesabu sekunde. Alichukua panya jike. Akaweka puto ndogo kwenye njia ya uzazi ya panya, ikipanuka kidogo kidogo, na akamfundisha panya kwamba akisukuma pua yake mahali fulani puto inatoka hewa. Nilipoisoma nilikaa kimya kabisa. Panya yule hawezi kuongea, mama huyu akamtengenezea njia ya kusema "imetosha", na akamwamini. Sisi tuko na wagonjwa wanaoongea Kiswahili, Mashi, Kilega, Kifaransa, na bado hatuwaamini.

Ugonjwa aliouangalia sana ni endometriozi. Hapo ni wakati zile nyama zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi zinaota fasi si yake, nyuma ya kizazi, juu ya vifuko vya mayai, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Zinasikiliza homoni sawa na kizazi chenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mwanamuke 1 kwa 10 walio kwenye umri wa kuzaa anao, wanawake kama milioni 190 dunia nzima. Ukihesabu kwenye sale hii, sisemi namba, hesabuni wenyewe.

Kitu kilichowasumbua waganga miaka yote ni hiki: anapasuliwa mama mmoja, wanakuta vidonda vingi kila fasi, na yeye alikuja tu juu hapati mtoto, hajui maumivu. Anapasuliwa mwingine, wanakuta vidoa vitatu vidogo, na huyo maumivu yamemkosesha kazi. Watu wakasema si munaona, huyu wa pili anazidisha. Berkley na wenzake waliwekea panya vipande vidogo vya kizazi chao wenyewe ndani ya tumbo, vikashika, vikawa vifuko vya maji, na walipochungulia wakakuta mwaka wa 2004 kwamba vile vifuko vimeota mishipa ya fahamu yao. Mishipa mipya. Imetoka kwenye mishipa ya jirani ikachipuka ikaingia ndani kama mzizi wa avoka unaotafuta maji. Kiisha watafiti wengine wakaona mishipa kama hiyo kwa wanawake pia. Sasa lile doa dogo si doa tena, ni doa lenye waya mpaka kwenye uti wa mgongo. Kuhesabu vidoa peke yake hakukwambii kitu kuhusu maumivu, inabidi ujue vimeunganishwa na nini. Na panya wale njia ya uzazi iliwauma zaidi ingawa hakuna kidonda chochote kilichowekwa kule, na maumivu yalipanda na kushuka kufuatana na homoni. Wale wamama wanaosema kwa sauti ya chini kwamba kukutana na bwana kunauma na wanaulizwa kama hawampendi bwana, wamama hao wangefurahi kujua habari hiyo.

Berkley alishirikiana pia na mganga wa Italia, Maria Adele Giamberardino wa Chieti. Huyu alikuwa anachunguza mawe ya figo, anaweka kajiwe kadogo ka simenti ya meno kwenye mrija wa mkojo wa panya na anarekodi panya anavyoumia. Mwaka wa 2002 wakaandika pamoja: panya mwenye endometriozi akipata jiwe, koliki zake, yale maumivu makali yanayokuja na kuondoka, zinakuwa nyingi na kali kuliko za mwenzake mwenye jiwe tu. Jiwe ni moja, ukubwa ni mmoja. Kwa wanawake pia Giamberardino aliona vile vile, wenye mawe ya figo ambao mwezi wao unawauma wanapata koliki nyingi kupita wenye mwezi wa kawaida. Kiungo kimoja kinamuamsha kingine. Kizazi, kibofu, utumbo, mrija wa mkojo, zote zinapitia kwenye kontere ile, na moja ikipiga kelele muda mrefu uti wa mgongo unakuwa kama mama aliyeamshwa usiku mara nyingi, hata mtoto akikohoa kidogo anashtuka.

Na sehemu inayonigusa mimi kama mwalimu: mwaka wa 2010 Giamberardino na wenzake walionyesha kwa wagonjwa kwamba ukitibu kimoja, kile kingine kinatulia. Ukitibu maumivu ya mwezi, tumbo la kuharisha na kufunga linatulia kidogo, koliki zinapungua. Hakuna aliyegusa utumbo. Hakuna aliyegusa figo.

Sasa niko na dada mkubwa. Nyumbani tulikuwaka tunasema tu "iko na tumbo", kama vile mtu anasema fulani iko na macho makubwa, ni jambo lake, ameumbwa vile. Kila mwezi siku tatu au nne alikuwaka kwenye mkeka, magoti yamefika kwenye kidevu, anatapika, anaharisha, mkojo unamchoma. Alienda kwenye kituo cha afya wakamwambia tifoide. Alimeza dawa. Akarudi, minyoo. Kiisha infeksio ya mkojo, kiisha gastrite, tifoide tena, na kila mara ukipima siku zinapita, tumbo linatulia lenyewe, kila mtu anafikiri dawa imefanya kazi, mpaka mwezi mwingine. Miaka tisa. Pesa ya mama yangu ya kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, iliishia kwenye zile antibiotike. Alipoolewa na mtoto akakawia, wale wa kwa bwana walisema ni mvivu na anajificha kwenye ugonjwa, na alivumilia maneno hayo akiwa anapika bugali ya watu kumi na nne.

Aliyemuokoa ni mzalishaji mmoja mzee ambaye alimuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza kwenye ile miaka tisa: haya maumivu yanakujaka siku gani za mwezi wako? Dada yangu akasema siku mbili kabla, na siku za damu zenyewe. Na kuharisha? Siku zile zile. Na mkojo kuchoma? Siku zile zile. Yule mama akaweka biki chini, akamwambia mtoto wangu, tifoide haijui kuhesabu siku 28. Akamtuma kwa mganga wa wanawake, baadaye akapasuliwa, wakaona.

Nilipomaliza kusoma maandiko ya Berkley na Giamberardino nilirudi nikaelewa kwamba wale waliompa dawa ya tumbo hawakuona kitu ambacho hakipo. Utumbo wake ulikuwa unauma kweli, kibofu kilikuwa kinachoma kweli. Walifuata kelele wakafika kwenye nyumba yenye kelele, lakini moto ulikuwa kwa jirani. Wamama, ninyi mnaopewa leo gastrite, kesho infeksio ya mkojo, keshokutwa mgongo, na egzame zinarudi hazina kitu, hamuwezi kuwa na magonjwa matano kila mwezi tarehe zile zile. Inawezekana ni moja.

Dada zangu wa uuguzi mtaniuliza, sasa kwa nini hatukufundishwa? Sababu moja ni ndefu na inauma. Mtafiti wa Montreal, Jeffrey Mogil, na mwenzake walisoma gazeti kubwa la kisayansi la maumivu, miaka kumi nzima, wakaandika mwaka wa 2005: utafiti wa wanyama, 79 kwa 100 ulitumia dume peke yake. Jike peke yake, 8. Watafiti waliotumia dume walisema jike homoni zake zinapanda zinashuka, zinaharibu hesabu. Yaani kile kile ambacho kingetufundisha juu ya mwezi wa dada yangu kilionekana uchafu kwenye hesabu. Na mwaka wa 2015 Mogil na wenzake wakaonyesha kwamba panya dume na panya jike wanaweza kuumia sawasawa lakini kwa njia tofauti, dume anatumia seli fulani za ulinzi ndani ya uti wa mgongo, jike anatumia zingine, na dawa iliyozuia maumivu ya dume haikufanya kitu kwa jike. Marekani sheria ya kuingiza wanawake kwenye utafiti wa wagonjwa unaolipwa na serikali ni ya 1993, na kulazimisha watafiti hao wafikirie dume na jike kwenye maabara ni juzi juzi, 2016. Dawa nyingi mnazonunua kwenye farmasi pale Essence zimetengenezwa kabla ya hapo.

Na msifikiri kwamba kwa wazungu wamama wanasikilizwa. Utafiti wa 2008 kwenye lopitali moja kubwa ya mjini kule Marekani ulihesabu watu waliokuja emergence na tumbo linauma. Wanaume walingoja dakika 49 kupata dawa ya maumivu, wanawake 65. Kipimo cha maumivu kilikuwa karibu sawa. Dakika 16, mtu anaweza kusema ni kidogo. Jikunje dakika 16 kwenye sakafu ya simenti, kiisha useme.

Kuna neno la Kifaransa nyote mnalijua, "hystérique", mtu anawaambia wamama wanaopiga kelele. Linatoka kwenye neno la Kigiriki la kizazi. Wagiriki wa zamani walifikiri kizazi kinatembea mwilini kama mnyama kinasumbua moyo na koo, na dawa yake ni aolewe azae. Ni miaka zaidi ya 2000, na mi nimesikia kwa masikio yangu hapa hapa Bukavu msichana wa miaka 16 anaambiwa akizaa itaisha. Kwa wengine inapunguaka kweli baada ya kuzaa, siwezi kukataa. Lakini mtoto si dawa ya maumivu, na msichana wa miaka 16 anatakiwa kuwa masomoni.

Nataka niseme pole pole juu ya jambo lingine. Mji huu wetu unajua majeraha. Lopitali ya Panzi iko hapa tangu 1999, daktari wake Mukwege alipata Nobel ya amani 2018 na dunia nzima ilijua jina la mji wetu, kwa sababu ya mambo waliyofanyiwa wamama. Kuna wamama walishonwa, wakapona, mganga anaangalia anasema kidonda kimefunga vizuri, na maumivu yamebaki. Wanaambiwa ni mawazo. Mwaka wa 1983 Clifford Woolf alionyesha kwa panya kwamba jeraha likiuma sana na muda, uti wa mgongo wenyewe unabadilika, unakuwa mkali, unaendelea kukuza habari hata kama kule chini kumetulia. Na kwa upande wa mwezi, Katy Vincent na wenzake wa Oxford mwaka wa 2011 walichukua wanawake wazima ambao shida yao ni mwezi unaouma tu, wakawapima na joto kwenye mkono siku ambazo hawana damu kabisa. Mkono! Uliwauma zaidi kuliko wenzao, na picha za ubongo zilionyesha ubongo wao unaipokea kwa njia nyingine. Kwa hiyo maumivu ya mwezi yakiachwa miaka na miaka hayakai kwenye mwezi. Mama anayesema "mwili wote unaniuma, hata hewa ya mlango" anatoa habari sahihi juu ya mishipa yake ya fahamu. Mawazo na huzuni vinaongeza maumivu, hiyo ni kweli, ubongo ndio unaopokea yote mawili, lakini kuongeza si kuzua.

Sasa tufanye nini, wengi mmeshaanza kuangalia saa na mvua imepungua.

Kwanza ibuprofeni. Inazuia zile prostaglandini zisitengenezwe, kwa hiyo ukingojea mpaka unajikunja umechelewa, zimeshatengenezwa. Mtu anayejua tarehe zake anaanza mara tu dalili zinapoanza, baada ya kula, kufuatana na kipimo alichopewa, siku mbili tatu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo, mwenye mimba, asiimeze bila kuuliza. Na kama unaimeza na bado unakosa soko au masomo kila mwezi, hapo usiongeze vidonge, nenda ukaonekane, ziko dawa za homoni na ziko njia zingine.

Wamama mnaobeba mizigo kutoka sokoni, kamba kwenye paji la uso, magunia ya unga na makaa, najua mnasema kiuno ni mzigo. Mara nyingi ni mzigo kweli. Lakini muangalie kama kiuno kinazidi siku zile zile za mwezi hata wiki hukubeba kitu. Hiyo ni habari, uiseme.

Na nyinyi wauguzi wa kesho, kwenye fishe mnaandika tension, joto, uzito. Andikeni na tarehe ya mwezi wa mwisho, na muulize kama maumivu yanafuata mwezi, hata kama amekuja na mgongo, hata kama amekuja na mkojo, hata kama mgonjwa ni mama mtu mzima na wewe ni mtoto unaona haya. Si swali la kupoteza wakati. Lilikuwa mbali miaka tisa na dada yangu.

Ba papa, mmoja wenu ameniuliza wakati tunaingia kama mwanamuke anaweza kudanganya maumivu. Papa, mtu anaweza kudanganya kila kitu. Lakini wewe ukiwa na jino unalala upande gani, na nani alikuuliza uthibitishe?

Nimeleta karatasi, ziko pale mezani pamoja na biki. Kuna mchoro wa mwili, mbele na nyuma, hauna jina, hauna nguo, usiogope. Kila mmoja achukue moja apake rangi fasi zote zinazomuuma, si zile anafikiri mganga anataka kuona, zote, hata bega, hata nyayo. Chini muandike siku gani za mwezi. Asiyeandika akae karibu na mwanafunzi mmoja atamwandikia. Hiyo karatasi ni yako, utaenda nayo siku ukienda kuonekana, unaiweka mezani kabla hujafungua mdomo. Mama wa kule nyuma mwenye mkono ulikuwa unazunguka, kuja hapa mbele mama yangu, ukae na mimi, wewe tutapaka rangi fasi zote zile mkono ulipita.